Kusimama na Kusimamishwa: Ufafanuzi wa Namna Salama ya Kukomesha Nyuzi za Programu ya Kompyuta kwa Mfano wa Rekodi za Sauti za Makunduchi, Unguja

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna salama ya kukomesha nyuzi zinazofanya kazi ndani ya programu ya kompyuta. Hoja yake kuu ni kwamba uzi haukomeshwi kwa usalama na nguvu itokayo nje yake. Uzi huombwa usimame, nao husimama wenyewe pale ambapo data inayotumiwa na nyuzi nyingine imekwisha kuwekwa sawa. Hoja hiyo inajengwa juu ya kosa lililotokea wakati wa kuhamisha rekodi za sauti za wazungumzaji wa lahaja ya Kimakunduchi, ambapo uzi mmoja uliuawa katikati ya kazi na majina ya wasemaji yakahama kutoka kwenye sauti zao. Aidha, makala yanaonesha kwamba uteuzi wa kitenzi katika Kiswahili, yaani kuua, kukatiza, kusitisha, kusimamisha au kusimama, unaweza kumwelekeza msomaji kwenye ufahamu sahihi wa dhana hii au kumpotosha.

1.0 Utangulizi

Utafiti wa lahaja hutegemea sauti za watu. Sauti isiyojulikana ni ya nani, wa umri gani na wa kijiji gani, haiwezi kuwa ushahidi, hata kama ni safi kiasi gani. Kwa sababu hiyo, rekodi zinapokusanywa uwandani huambatana na fahirisi inayoonesha namba ya kila rekodi na namba ya siri ya msemaji wake. Fahirisi ikiharibika, rekodi zote hubaki kama barua zisizo na anwani.

Mwandishi wa makala haya alikusanya rekodi za wazee wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, wanaozungumza lahaja ambayo wenyewe huiita Kikae. Kila aliporejea Mji Mkongwe alihamisha rekodi kutoka kwenye kadi za kinasa sauti hadi kwenye kompyuta kwa programu ndogo aliyoitunga mwenyewe. Programu hiyo iliweza kuhamisha kadi mbili kwa wakati mmoja, na ilikuwa na kitufe cha kuacha kazi ya kadi moja bila kuathiri ya pili. Siku moja kadi ilikuwa nzito kusomeka. Kitufe kikabonyezwa, kadi ikatolewa, nyingine ikawekwa, na kazi ikaendelea bila dalili yoyote ya hitilafu.

Kosa liligunduliwa miezi kadhaa baadaye, wakati wa kunukuu. Rekodi iliyoandikwa kuwa ni ya bibi mmoja ilikuwa na sauti ya mwanamume. Uchunguzi ulionesha kwamba rekodi tisa zilizofuatana zilikuwa zimepewa majina yasiyo yake. Wasemaji wanane walirejewa, wakasikilizishwa sauti zao na kuzithibitisha. Wa tisa alikuwa amekwisha kufariki. Ililazimu kuwaendea watoto wake na kuwaomba wasikilize sauti ya baba yao ili waseme kama ni yeye. Walikubali kwa hisani. Hata hivyo, ni ombi ambalo familia hiyo haikupaswa kupelekewa, na chanzo chake kilikuwa mstari mmoja wa msimbo.

Makala haya yanaeleza mstari huo ulifanya nini, kwa nini ulikuwa hatari, na ulipaswa kuandikwaje. Ufafanuzi umekusudiwa watahini na watafiti wa Kiswahili wanaotumia au kutunga programu za kuhifadhi data, ambao si lazima wawe wataalamu wa kompyuta.

2.0 Dhana ya Uzi katika Programu

Programu inapoendeshwa, kompyuta hufuata maagizo yake moja baada ya jingine. Mfuatano huo mmoja wa maagizo yanayotekelezwa ndio uitwao uzi. Programu ndogo huweza kuwa na uzi mmoja tu. Programu inayotakiwa kufanya mambo kadhaa kwa pamoja, kama vile kunakili faili huku ikiendelea kumjibu mtumiaji kwenye skrini, huwa na nyuzi kadhaa.

Nyuzi za programu moja hutumia kumbukumbu ileile ya kompyuta. Hilo ndilo linalozitofautisha na programu mbili tofauti, ambazo kwa kawaida mfumo endeshi huzitenganisha ili moja isiguse kumbukumbu ya nyingine. Kushirikiana huku kuna faida, kwa sababu uzi mmoja huona mara moja kazi ya mwenziwe. Kuna hatari pia, kwa sababu uzi unaweza kusoma kitu ambacho mwenziwe bado hajamaliza kukiandika. Ili kuizuia hatari hiyo hutumiwa kufuli. Uzi unaotaka kubadilisha data ya pamoja hulifunga kufuli, hufanya mabadiliko, kisha hulifungua. Nyuzi nyingine zinazohitaji kufuli hilohilo husubiri nje.

Ni muhimu kuelewa kwamba kufuli hulinda hatua za katikati zisionekane. Ndani ya kufuli data inaruhusiwa kuwa pungufu kwa muda, mradi iwe imekamilika kabla ya kufuli kufunguliwa. Ahadi hiyo, kwamba kila anayeingia atakuta kazi iliyokamilika, ndiyo ambayo kuua uzi huivunja.

Neno uzi lenyewe linaweza kusaidia kufafanua jambo hili. Mshona kofia wa Unguja anapotaka kupumzika hakati uzi popote sindano ilipofika. Humaliza tobo alilokuwa akilizungushia, hufunga fundo, ndipo hukata. Akikatiwa uzi kabla ya fundo, kofia haionekani kuharibika papo hapo. Mshono hufumuka taratibu baadaye, kofia ikiwa mikononi mwa mtu mwingine.

3.0 Kwa Nini Kuua Uzi ni Hatari

3.1 Kufuli linalofunguka kabla ya wakati

Programu inayozungumziwa ilitungwa kwa lugha ya Java. Tangu mwanzo wake lugha hiyo ilikuwa na amri iitwayo Thread.stop, ambayo uzi mmoja uliweza kuitumia kuukomesha mwingine. Amri hiyo ilipotolewa, uzi uliolengwa ulipata mshtuko popote ulipokuwa, ukaacha kazi na kutoka. Wakati wa kutoka, makufuli yote uliyokuwa umeyafunga yalifunguka.

Kwa mtazamo wa haraka, kufunguka huko kunaonekana kuwa jambo jema, kwa kuwa hakuna atakayekwama nje. Kwa kweli ndiko kunakoleta madhara, kwani kufuli hufunguka ilhali kazi ya ndani haijakamilika. Fahirisi ya rekodi ilikuwa na orodha mbili zinazokwenda sambamba: orodha ya rekodi na orodha ya wasemaji. Rekodi ya kwanza ilikuwa ya msemaji wa kwanza, ya pili ya wa pili, na kuendelea. Kila uzi uliongeza rekodi katika orodha ya kwanza, kisha msemaji katika orodha ya pili. Siku ya tukio, uzi uliuawa baina ya hatua hizo mbili. Rekodi iliingia, msemaji hakuingia. Kufuli likafunguka, uzi wa kadi iliyofuata ukaingia na kuongeza msemaji wake katika nafasi iliyobaki wazi. Tangu hapo kila sauti ilipewa jina la msemaji wa rekodi iliyoifuata.

Mwishoni mwa kazi, rekodi ya tisa ilibaki bila jina. Mwandishi alidhani kuwa alisahau kuliandika, akalijaza kwa mkono. Kwa hiyo dalili pekee iliyokuwapo ilifutwa na mtu ambaye alitakiwa kuitambua.

Athari hii ilikuwa ikijulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1998, katika toleo la 1.2 la Java, Thread.stop ilitangazwa kuwa amri isiyofaa kutumiwa, na sababu iliyotolewa ni hiyohiyo ya data kubaki katika hali isiyo sawa. Hata hivyo iliendelea kufanya kazi kwa miaka mingi. Ilikuwa hadi toleo la 20, mwaka 2023, ndipo ilipoondolewa nguvu yake, na katika toleo hilo aliyeitumia alirudishiwa taarifa kwamba jambo hilo haliungwi mkono. Programu ya mwandishi iliendeshwa kwa toleo la zamani. Kitafsiri msimbo kilitoa onyo, na onyo hilo lilipuuzwa.

3.2 Kufuli lisilofunguka kabisa

Katika mazingira mengine uzi unaouawa hauachii kufuli lolote. Mfumo wa Windows, kwa mfano, una amri iitwayo TerminateThread ambayo huuondoa uzi bila kuupa nafasi ya kutekeleza agizo lolote la mwisho. Ikiwa uzi huo ulikuwa umelifunga kufuli, ufunguo hupotea pamoja nao. Nyuzi nyingine zitakazolihitaji zinaweza kusubiri bila kikomo, na programu ikakwama.

Mkwamo na data mbovu ni madhara mawili tofauti. Mkwamo unaudhi, lakini hujitangaza, kwa sababu skrini haijibu na mtumiaji anajua kuna tatizo. Data mbovu hukaa kimya. Kwa mtafiti, la pili ni baya zaidi.

3.3 Tofauti kati ya kuua uzi na kukatika kwa umeme

Msomaji wa Zanzibar anaweza kuuliza swali la haki: mbona kompyuta huzimika ghafla umeme unapokatika, na mara nyingi kazi huendelea vizuri baada ya kuwashwa? Kisiwa cha Unguja hupata umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya uliopitishwa chini ya bahari. Mwezi Mei 2008 huduma hiyo ilikatika kwa takribani mwezi mmoja. Ilikatika tena Desemba 2009 na haikurejea hadi Machi 2010. Mwaka 2013 ulizinduliwa waya mpya wenye uwezo wa megawati 100. Wakazi wa kisiwa hiki wanaujua ukatikaji wa ghafla kwa uzoefu.

Jibu ni kwamba umeme unapokatika, nyuzi zote hufa pamoja. Yote yaliyokuwa katika kumbukumbu ya muda hupotea, na kinachobaki ni kile kilichokwisha kuandikwa kwenye diski. Hifadhidata nzuri zimeundwa kwa kulitazamia hilo. Huandika kwanza daftari la mambo zinayokusudia kuyafanya, na zinapowashwa upya hulisoma daftari hilo, hukamilisha kilichokubaliwa na kufuta kilichoachwa nusu. Hakuna uzi hata mmoja unaobaki ukiendelea kufanyia kazi data iliyoharibika.

Uzi mmoja unapouawa, hali ni kinyume. Waliobaki wako hai, wanaisoma data iliyoachwa nusu, wanaiamini, na wanaijengea juu yake. Hatimaye wanaiandika kwenye diski kama data halali. Kwa hiyo kumuua mmoja na kuwaacha wengine kunaweza kuleta madhara makubwa kuliko kuwazima wote kwa pamoja. Tutairejea hoja hii katika sehemu ya 4.5.

4.0 Namna Salama ya Kukomesha Uzi

4.1 Ombi na kituo salama

Namna salama ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ombi, linalotolewa na anayetaka uzi usimame. Ya pili ni kituo salama, yaani mahali ndani ya kazi ya uzi ambapo uzi huangalia kama kuna ombi, na ambapo kusimama hakuachi kitu nusu. Anayeomba haamui uzi usimame katika agizo lipi. Uamuzi huo ni wa uzi wenyewe, kwa kuwa ndio pekee unaojua umefika wapi.

Utaratibu huu unafanana na hodi. Mgeni aliyefika mlangoni hupiga hodi na kusubiri. Haingii hadi aliye ndani aitikie. Aliye ndani akiwa katika sala huisikia hodi, lakini humaliza sala yake na kutoa salamu kabla ya kuitikia. Kuchelewa kwake si kukataa.

Kazi ya uzi wa kuhamisha kadi inaweza kuandikwa hivi:

Maadamu hakuna ombi la kusimama, rudia:
(a) chukua rekodi inayofuata kwenye kadi;
(b) inakili kipande kwa kipande katika faili la muda, na baada ya kila kipande angalia kama kuna ombi;
(c) ombi likiwapo, futa faili la muda na utoke;
(d) unakili ukikamilika, lipe faili jina lake la kudumu;
(e) funga kufuli, ongeza rekodi na msemaji wake katika fahirisi, fungua kufuli.

Ni muhimu kuangalia mahali ambapo ombi haliangaliwi. Katika hatua ya (e) uzi hauulizi chochote, wala haupaswi kuuliza. Hatua hiyo ni fupi, na kuikamilisha ni rahisi kuliko kuitengua. Hatua ya (b) ni ndefu, kwa hiyo imegawanywa vipande ili ombi lisisubiri mno. Kanuni inayopatikana hapa ni kwamba vituo salama viwe vingi katika kazi ndefu na visiwepo kabisa katika mabadiliko ya data ya pamoja.

Lugha na mifumo mbalimbali imefika kwenye wazo hilihili kwa njia zake. Katika kiwango cha POSIX, uzi unaotakiwa kukatishwa kwa kawaida haukatishwi papo hapo, bali unapofikia mojawapo ya vituo vilivyotajwa katika kiwango hicho. Mazingira ya .NET yalileta kiashirio cha kughairi kazi mwaka 2010, na toleo la mwaka 2020 likaitangaza amri ya zamani ya kuua uzi, Thread.Abort, kuwa imepitwa na wakati. Lugha ya C++, katika kiwango chake cha mwaka 2020, iliongeza aina ya uzi inayobeba ndani yake njia ya kuombwa kusimama. Moduli ya kawaida ya nyuzi katika Python haina kabisa amri ya kuua uzi kutoka nje.

4.2 Ombi lazima lionekane

Njia nyepesi ya kupeleka ombi ni kutumia kigeu chenye thamani mbili, ndiyo au hapana, ambacho uzi hukisoma katika kila kituo. Njia hii ina mtego usioonekana kwa macho. Kompyuta za leo, pamoja na vitafsiri msimbo, huharakisha kazi kwa kutosoma tena kitu ambacho uzi wenyewe haukukibadilisha. Uzi unaweza kukisoma kigeu mara moja, ukakuta hapana, kisha ukaendelea na jibu hilo hata baada ya mwingine kuandika ndiyo.

Dawa yake ni kutangaza waziwazi kwamba kigeu hicho hushirikiwa na nyuzi. Katika Java hutumiwa tamko la volatile. Katika C++ neno hilohilo halitoshelezi haja hii, na badala yake hutumiwa aina ya atomic. Programu isiyo na tamko hilo huweza kufanya kazi vizuri katika majaribio yote na kukataa kusimama siku moja kwenye kompyuta nyingine. Hodi isiyosikika ni sawa na hodi isiyopigwa.

4.3 Uzi uliolala

Uzi unaweza kuwa umelala, ukisubiri kazi kutoka kwenye foleni au muda fulani upite. Uzi uliolala hauangalii kigeu chochote. Kwa hali hiyo Java ina amri ya interrupt, ambayo huweka alama ya ombi na, ikiwa uzi umelala katika hali za kawaida za kusubiri, huuamsha na kuupa taarifa ya dharura iitwayo InterruptedException. Uzi hupata nafasi ya kusafisha na kutoka.

Kosa linalofanywa na wengi ni kuipokea taarifa hiyo na kuinyamazia, kwa kuandika msimbo unaoipokea bila kufanya chochote. Java inapoitoa taarifa hiyo huifuta alama ya ombi. Basi aliyeipokea na kunyamaza amelipoteza ombi, na uzi utaendelea kana kwamba hakuna aliyeuita. Asiyeweza kulishughulikia ombi pale alipo anapaswa aidha kulipeleka mbele kwa aliyemwita au kuirudisha alama.

Aidha, si kila kusubiri huamshwa kwa njia hiyo. Usomaji wa kawaida wa faili au wa mawasiliano ya mtandao katika Java haushtuki kwa interrupt. Kwa mawasiliano ya mtandao, njia inayotumika ni kuifunga njia yenyewe ya mawasiliano, ili usomaji urudi na taarifa ya kosa. Kwa kadi nzito kusomeka, njia iliyofaa ni kusoma vipande vidogo kama ilivyooneshwa katika 4.1.

4.4 Kusafisha kabla ya kutoka

Uzi unaosimama unawajibika kwa ulivyovishika: makufuli, mafaili yaliyofunguliwa na mafaili ya muda. Lugha nyingi zina sehemu maalumu ya msimbo ambayo hutekelezwa uzi unapotoka, iwe kwa kumaliza kazi, kwa ombi au kwa hitilafu. Katika Java sehemu hiyo ni finally. Katika POSIX husajiliwa amri za usafi zinazoitwa kwa zamu uzi unapokatishwa. Usafi wote uwekwe hapo, usitawanywe katika kila njia ya kutokea, kwa kuwa njia moja itasahauliwa.

4.5 Kusubiri, na pale ombi lisipoitikiwa

Kutoa ombi si mwisho wa kazi. Aliyeomba anapaswa kusubiri uzi utoke kweli kabla ya kufunga vitu ambavyo uzi huo bado unavitumia. Utaratibu wa kufunga nao una mpangilio wake: huanza nyuzi zinazoleta kazi, kisha huachwa foleni imalizike, ndipo husimama nyuzi zinazoipokea. Ukigeuzwa mpangilio huo, wanaoleta watabaki wakijaza foleni isiyo na mpokeaji.

Kusubiri lazima kuwe na kikomo. Adabu ya hodi ni mara tatu. Asiyeitikiwa huondoka, havunji mlango. Uzi usioitikia baada ya muda uliowekwa una kasoro katika msimbo wake, na tukio hilo linapaswa kuandikwa kwenye daftari la programu ili lichunguzwe. Ikiwa haiwezekani kuendelea nao, njia yenye madhara machache ni kuizima programu nzima na kuiwasha upya, si kuuua uzi huo peke yake. Sababu yake imekwisha kutolewa katika 3.3: wote wakizimika pamoja, hakuna anayebaki akiijengea data mbovu. Hilo linawezekana tu ikiwa vilivyo kwenye diski ni salama wakati wowote, na ndiyo maana faili hupewa jina la kudumu baada ya kukamilika na si kabla.

5.0 Suala la Istilahi

Juhudi za kuingiza Kiswahili katika kompyuta zimejielekeza zaidi kwenye maneno anayoyaona mtumiaji, kama vile faili, hifadhi, fungua na funga. Dhana za ndani ya utungaji wa programu hazijajadiliwa kwa kiwango hicho. Kwa dhana inayohusika hapa, vitenzi vitano hushindana.

Kuua kunaeleza kwa usahihi tendo la nguvu, na kunafaa kubaki kwa maana hiyo tu. Kukatiza, kama katika kumkatiza mtu maneno, humaanisha kuingilia kati. Anayekatizwa hana hiari, ilhali uzi unaopelekewa interrupt unaweza kumaliza sentensi yake. Kusitisha hubeba maana ya kuacha kwa muda au kwa makubaliano, kama katika kusitisha mapigano. Kusimamisha kuna utata zaidi. Mtumishi aliyesimamishwa kazi bado hajaachishwa, anasubiri uamuzi. Tena kauli ya kutendesha, yenye kiambishi -ish-, huuweka uwezo wote kwa mtenda aliye nje na kuufanya uzi kuwa mtendwa.

Kitenzi kilichobaki, kusimama, kiko katika kauli ya kutenda, na mtenda wake ni uzi wenyewe. Kwa hiyo makala haya yanapendekeza ombi la kusimama kwa kile kinachotolewa na mwombaji, kituo salama kwa mahali uzi unapoliangalia, na kuua uzi kwa tendo la nguvu peke yake. Kukomesha kunaweza kutumiwa kwa jumla, pale ambapo namna haijabainishwa, kama ilivyotumiwa katika anwani ya makala haya. Mwanafunzi akiambiwa asimamishe uzi, atatafuta amri ya kuusimamisha. Akiambiwa auombe usimame, atalazimika kujiuliza utaombwaje, na utasimama wapi. Maswali hayo mawili ndiyo kiini cha somo.

6.0 Marekebisho Yaliyofanywa

Programu ya kuhamisha rekodi iliandikwa upya kwa kufuata kanuni zilizoelezwa. Orodha mbili za sambamba ziliondolewa. Badala yake rekodi na msemaji wake huandikwa pamoja kama kitu kimoja, ili hata kosa jingine likitokea majina yasiweze kuhama. Amri ya kuua uzi imefutwa, kitufe sasa hutoa ombi tu, na skrini huonesha kwamba ombi limepokelewa na kazi inamaliziwa. Nafasi tupu katika fahirisi haiwezi tena kujazwa kwa mkono bila sababu kuandikwa.

Programu ilijaribiwa kwa kubonyeza kitufe mara nyingi katika nyakati tofauti. Majaribio hayo peke yake si uthibitisho, kwa kuwa kosa la awali nalo lilihitaji bahati mbaya ya sehemu ndogo ya sekunde. Uthibitisho wenye nguvu zaidi hutokana na kuusoma msimbo kituo kwa kituo na kuuliza: uzi ukitoka hapa, wanaobaki watakuta nini?

Kuhusu rekodi tisa, baada ya chanzo kujulikana ingewezekana kuyasogeza majina nafasi moja na kuendelea. Hilo lingekuwa kisio, hata kama ni kisio chenye mantiki. Kwa hiyo uthibitisho wa wasemaji wanane na wa familia ya marehemu ndio uliotumiwa, na majina yaliyothibitishwa yaliafikiana na maelezo ya kiufundi yaliyotolewa katika 3.1.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba kuua uzi huvunja ahadi ambayo kufuli limewekwa kuilinda, na kwamba madhara yake huwaangukia wanaobaki hai na kuendelea kuamini walichokikuta. Namna salama huhitaji ombi linaloonekana, vituo salama vilivyochaguliwa kwa makini, usafi kabla ya kutoka, na mwombaji anayesubiri kwa kikomo. Pale yote yanaposhindikana, heri kuzima programu nzima.

Watafiti wa lugha wanatunga na kutumia programu zaidi kuliko zamani, na watahini wanasoma matokeo yanayotegemea programu hizo. Inapendekezwa kwamba tasnifu yenye data ya sauti ieleze si tu rekodi zilikusanywa wapi na kwa idhini ya nani, bali pia zilihamishwaje, na ni kitu gani kinachohakikisha kwamba jina lililoandikwa kando ya sauti ni la mwenye sauti hiyo.